Msumari wa Chumba cha Nne

Nimemjua Ugbad miaka kumi na mmoja, na sidhani katika miaka hiyo kuna juma lililopita bila sisi kugombana. Cherehani yangu iko barazani mwa nyumba anayoitunza, hapa Garissa, mtaa wa pili kutoka hospitali. Yeye ni Msomali wa Hadado, kule Wajir. Mimi ni mtu wa mto Tana, Mmunyoyaya, na Kisomali changu nimekiokota sokoni kama yeye alivyokiokota Kiswahili chake. Tumegombania kivuli, maji ya tangi, hata nyuzi ninazoacha sakafuni. Akinuna ananiita "fundi". Tukipatana ananiita Mama Salat.

Nyumba ni ya Mzee Barre, ambaye siku hizi yuko Nairobi na hatoki kitandani, kwa hiyo mambo yote anayaendesha mwanawe Abdihafid kwa simu. Ina vyumba sita vinavyozunguka ua, jiko, stoo, vyoo viwili, na chumba kidogo pale langoni anakolala Ugbad. Inapangishwa kwa namna mbili. Kuna wanaotaka chumba kimoja tu: watu wa Bute, wa Wajir, wa Mandera, wanaoleta wagonjwa wao hospitali na wanahitaji pa kulala kwa juma au kwa mwezi. Kuna wanaotaka nyumba nzima: wenye harusi, wenye msiba, na mashirika yanayofanya kazi kwenye kambi za Dadaab.

Asiyeijua kazi hii huiona rahisi. Subiri umpe mgeni chumba kimoja, cha siku mbili tu. Papo hapo huna tena nyumba nzima ya kumpa mtu, hata kama vyumba vitano viko wazi na vimefagiliwa. Na ukishaahidi nyumba nzima kuanzia tarehe fulani, basi vyumba vyote sita vina mwisho, na kila anayeingia kabla ya hapo lazima akuambie atatoka lini. Sasa mwambie mtu mwenye mgonjwa akutajie siku ya kutoka. Atakutazama tu. Wengine hutoka wakitembea, wengine hutoka wamebebwa, na hakuna anayejua mapema ni ipi.

Abdihafid alikuwa ameiweka nyumba kwenye mtandao mara mbili: nyumba nzima mahali pake, vyumba mahali pake, na kurasa hizo mbili hazikujuana. Siku moja alimkodisha bwana harusi nyumba yote huku wagonjwa watatu wamelala ndani. Tangu siku hiyo hakuthubutu kukubali mgeni bila kumpigia Ugbad kwanza. Ugbad hakuwa na kompyuta. Alikuwa na ubao wa funguo wenye misumari saba nyuma ya mlango wa chumba chake: sita ya vyumba, wa saba wa lango. Mgeni akiingia chumbani, Ugbad hufunga kipande cha kitambaa kwenye msumari wa chumba hicho na kingine kwenye msumari wa lango, maana yake nyumba nzima haipo. Nyumba yote ikichukuliwa, hukata kitambaa kimoja kirefu akakizungusha misumari yote saba. Vitambaa hivyo alivitoa kwangu, mabaki ya kazi yangu, na hilo pia tuligombania.

"Mgeni akisema anakuja, hiyo ni maneno," alikuwa akiniambia. "Kitambaa inafungwa siku ameingia. Mtu mwenyewe, na viatu yake."

Chumba kilichoahidiwa alikishikilia hadi adhana ya adhuhuri, kisha akampa mwingine. Sijawahi kumsikia akisema kuna chumba wakati hakuna, wala hakuna wakati kipo. Watu walimpigia kutoka Mandera saa ishirini kabla ya kufika, na neno lake lilitosha kumpakia mgonjwa garini.

Hata kazi aliipata kwa ukali huo. Zamani alikuwa anafua mashuka tu hapa. Mzee Barre alikuja na rafiki yake kuonyesha nyumba, siku ambayo ilikuwa imekodishwa yote kwa matanga. Ugbad, na povu la sabuni mikononi, akasimama mlangoni na kumwambia mwenye nyumba, "Leo si yako." Mzee alicheka mpaka akakohoa, na jioni hiyo akampa funguo.

Jambo moja alinisimulia mara moja tu, siku ya mvua, tukiwa hatuna la kufanya. Mumewe alifia Hadado mwaka wa ukame. Alikaa eda kama inavyompasa mjane, ndani ya aqal yao, kibanda cha mikeka kinachobebwa na ngamia, miezi minne na siku kumi. Lakini siku ya arobaini maji yaliisha, na jamaa wakahama na ngamia waliobaki. Wakaivunja aqal huku yeye yumo ndani, wakaipakia, naye akafuata nyuma.

"Siku yangu nilihesabu nikitembea," alisema. "Kila mtu njiani aliniona. Mpaka leo mimi naona kama mume wangu sikumzika vizuri."

Aliitwa na mgeni, akaondoka. Hatukulizungumza tena.

Ifrah alikuja na mumewe kutoka Lafey, karibu na mpaka wa Somalia. Mume alikuwa dereva wa lori, lori lilipinduka, mguu ukavunjika na kidonda kikakataa kupona. Daktari alitaka kukiona kila siku mbili, basi wakachukua chumba cha nne. Walikuwa watu wakimya. Yeye alipika jikoni, mume alikaa kwenye kiti uani na kunitania kuhusu kelele za cherehani. Mwanzoni mwa Rajabu, asubuhi, baada ya chai, alisema kifua kinambana. Akaegemea ukuta, akafa pale pale chumbani, kabla Ugbad hajamaliza kufungua lango kumwita mwenye gari.

Mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi mumewe alipokufa. Nyumba ya Ifrah kwa wakati huo ilikuwa chumba cha nne. Shemeji zake wakapiga simu kutoka Lafey, wakasema akae hapo hapo, wao watamlipia chumba, na siku zikitimia watakuja kumchukua. Nilimshonea nguo mbili pana nyeupe na mitandio miwili, maana mjane wa Kisomali huvaa nyeupe. Ugbad alizipokea mikononi mwangu, akaenda kumvisha mwenyewe. Nilikuwa mlangoni, nikasikia alivyomwambia.

"Hakuna mtu atakutoa humu kabla siku yako haijaisha. Mimi nakuahidi. Wallahi."

Hakuapa hivihivi, Ugbad. Aliposema neno hilo nilijua anawajibu wale waliovunja aqal.

Mwezi wa Shaabani Abdihafid akapiga simu. Kuna shirika linataka nyumba nzima kwa miezi sita, watu kumi na wawili pamoja na walinzi. Wanataka kujua itakuwa wazi lini. Ugbad alitoka barazani na tasbihi yake, akahesabu miezi minne kwa mwandamo, akaongeza siku kumi, akaniambia nitazame kalenda yangu ya ukutani. Katikati ya Mfunguo Pili, nikamwambia, ndiyo tarehe kumi na sita Mei. Wagonjwa wengine watano wangekuwa wameshaondoka kufikia hapo. Aliwapa tarehe zao mmoja mmoja. Akampigia Abdihafid.

"Mwezi wa sita, siku ya kwanza, nyumba mzima iko," alisema.

Swali moja hakuliuliza. Mjane mwenye mimba hahesabu miezi minne. Eda yake inakwisha siku atakapojifungua, iwe kesho au baada ya miezi minane. Kila mwanamke hapa anajua hilo, na mwanamke mzima kama Ugbad ndiye anayepaswa kumwuliza mjane tangu siku ya kwanza. Lakini Ifrah alikuwa ameolewa miaka tisa bila mtoto. Alikuwa amemwambia Ugbad mwenyewe, wakichambua mchele, kwamba hakujaliwa. Utamwulizaje mwanamke wa namna hiyo, mumewe amezikwa jana, kama ana mimba? Ugbad alimwonea haya. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo, na sisemi hivi ili kumtetea.

Mwisho wa Ramadhani, nikiwa nimezama kwenye nguo za Idi, Ifrah aliniita kutoka mlangoni mwake. Alitaka nipanue nguo yake nyeupe kifuani. Nilichukua kipimo. Nimepima wanawake kwa miaka ishirini na mitano, na utepe wangu hujua habari kabla ya mama mkwe. Kifua kilikuwa kimeongezeka, kiuno kimekuwa kigumu. Nikamtazama usoni naye akanishika mkono kwa nguvu hata nikadhani ataukata.

"Usiseme, Mama Salat," alisema. "Mara mbili nilipata, nikasema, ikatoka. Watu wa Lafey hawajui, Eeddo Ugbad hajui. Nikitaja tu, inatoka. Niapie."

"Eeddo" ni shangazi, ndivyo wadogo wote walivyomwita Ugbad. Nikaapa. Nilikuwa na haraka, nguo kumi na nne za Idi zilikuwa zinanisubiri, na nilifikiri mwanamke ana haki ya kunyamazia tumbo lake. Tarehe ile ya mwezi wa sita haikunijia kichwani hata kidogo. Mkataba na shirika ulitiwa saini siku kumi na mbili baadaye. Siku kumi na mbili nilikaa hatua tano kutoka kwa Ugbad, na mdomo huu ambao hauna breki ukafungwa siku hizo tu.

Nilipokuja kukumbuka, mkataba ulikuwa umeshatiwa saini. Nikajiambia labda Ifrah atasema mwenyewe. Nikajiambia mengi.

Tarehe kumi na sita Mei Ugbad aliamka na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Alichota maji ya moto, akatayarisha uunsi, ule ubani wa kufukiza nguo, akaweka juu ya stuli nguo ya rangi ya machungwa aliyoniagiza nishone kwa siri. Mjane akimaliza eda huoga, huvua nyeupe, hutiwa manukato. Wageni wengine walikuwa wamekwisha kwenda, nyumba ilikuwa tupu isipokuwa chumba cha nne. Akagonga mlango, nami nyuma yake.

Ifrah alikuwa amekaa kitandani na nguo yake nyeupe, mikono juu ya tumbo.

"Eeddo, siwezi kuvua," alisema. "Nina mimba. Miezi mitano."

Ugbad alianza kupiga kigelegele. Kilitoka nusu tu. Nikamwona anageuka taratibu kutazama upande wa lango, kule uliko ubao wake, na uso wote ukashuka. Akaweka nguo ya machungwa chini.

"Fundi," aliniuliza tulipotoka, "wewe ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Nilitaka anipige. Nilitaka atukane ukoo wangu wote na mto wetu pamoja na mamba wake. Alinitazama tu, kisha akaenda kufunga bomba la dumu la maji lililokuwa likifurika. Hajawahi kulitaja tena, na hilo ndilo ninalolala nalo.

Siku hiyo hiyo alimpigia Abdihafid, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu masikio yake yameanza kuchoka.

"Chumba cha nne haitoki mpaka mwezi wa tisa," alisema. "Mjane ana mimba."

"Eeddo, hapana. Hawa watu wamechukua nyumba nzima. Si nyumba toa chumba kimoja. Nzima."

"Nitamhamisha hapa langoni kwangu. Ni nyumba ile ile, eda yake haivunjiki. Mimi nitalala stoo."

"Chumba cha lango ni cha walinzi wao. Imeandikwa kwa mkataba. Hawakubali mtu yeyote ambaye hawamjui ndani ya ukuta, ni mambo ya usalama. Hata wewe nimewaomba sana ndiyo wakakubali ulale stoo."

"Abdihafid, baba yako angekuwa mzima..."

"Baba si mzima. Na dawa zake zinatoka kwa nyumba hiyo, Eeddo. Mimi simchukii huyo mama, wallahi. Lakini tarehe moja nataka funguo zote saba. Ukishindwa nitatuma mtu wa kutoa watu, na wewe utakuwa mmoja wao."

Nilimpokonya simu nikamwambia Abdihafid maneno ambayo mama yangu angeniosha mdomo kwa sabuni. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Ugbad akampigia sheikh anayemwamini, mtu mpole. Sheikh akaeleza kwamba mjane akilazimishwa kutoka na mwenye nyumba, hiyo ni dharura, yeye hana dhambi. Aende mahali pengine pa amani akamalizie eda yake huko.

"Na yule anayemtoa?" Ugbad aliuliza.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mimi ni wa funguo tu."

"Basi mama, hilo aulizwe mwenye nyumba."

Siku kumi na tano zilizobaki Ugbad alizunguka mji huu kutafuta chumba. Wenye nyumba wengine walimjua na kumheshimu, lakini mjane wa eda, peke yake, mwenye mimba, kwa miezi minne? Kila mmoja alikuwa na sababu. Mimi? Nina chumba kimoja chenye mume na watoto watano. Nilimwambia Ugbad nitamtoa mume wangu akalale msikitini. Akasema nisijifanye. Alikuwa sawa, nilikuwa najifanya.

Shemeji mtu, Hamze, aliposikia kwa simu, alisema kama anatolewa basi arudi Lafey, hawezi kuhangaika mjini na mtoto wa ndugu yake tumboni. Ni safari ya siku mbili ukiwa na bahati, barabara mbovu, na mabasi yanasubiri askari wa kuyasindikiza. Ugbad alimwomba angalau apate gari dogo. Hamze akasema hana gari dogo. Alikata tiketi ya basi.

Ilipofika tarehe thelathini na moja, Ugbad aliingia chumba cha nne na kukunja vitu vya Ifrah yeye mwenyewe. Sufuria mbili, mswala, koti la marehemu. Alivikunja vizuri mno, akavikunjua, akavikunja tena. Mimi nilisimama nikiwa sina kazi ya mikono, jambo ambalo siliwezi.

Ifrah hakulia. Alijifunika mtandio mweupe mpaka machoni, maana anatoka nje wakati hapaswi kuonekana. Langoni alisimama.

"Wageni wenyewe ni wangapi, Eeddo?"

"Kumi na wawili," Ugbad alisema.

"Wengi." Akafikiri. "Basi ni sawa. Chumba hakitakaa bure."

Akapanda bajaji. Ugbad alibaki amelishika lango kwa mikono miwili mpaka vumbi likatulia, halafu akarudi ndani, akafungua kitambaa kwenye msumari wa nne, kisha kile cha lango. Ubao ukabaki mtupu. Usiku ule alihamishia godoro lake stoo, katikati ya magunia ya mkaa na mitungi ya gesi.

Tarehe moja Juni hakuja mtu. Ugbad alikuwa amefua mashuka kumi na mawili na kujaza tangi. Abdihafid akasema wamechelewa, watafika Jumatatu. Jumatatu akasema kuna karatasi ya bajeti haijatiwa saini huko ng'ambo. Baada ya majuma matatu akasema mwisho wa mwezi. Walikuwa wameshalipa sehemu, kwa hiyo nyumba ni yao, asiingie mtu. Watu wa Bute walipiga simu, watu wa Wajir walipiga simu. Ugbad aliwajibu wote sentensi moja: nyumba imeshikwa.

Wakamwuliza, imejaa? Akasema haijajaa, imeshikwa. Hakuna aliyemwelewa.

"Mwite arudi," nilimwambia mwezi wa saba. "Nani ataona?"

"Arudi siku mbili kwa basi na tumbo hiyo? Halafu wale wafike kesho, nimtoe tena?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mjinga. "Mtu anavunjiwa aqal mara moja, fundi. Mara mbili hapana."

Mwezi wa nane kambini walipunguza wafanyakazi, na shirika lenyewe likaacha kujibu simu za Abdihafid. Hata hapo hakuthubutu kuifungua nyumba, mkataba ulikuwa hadi Novemba. Vyumba sita vilikaa vimetandikwa. Kila asubuhi Ugbad alivifagia vyote, na cha nne alikifagia mara mbili. Alikuwa akilala stoo bado, ingawa chumba chake cha langoni kilikuwa wazi na ufunguo wake ulikuwa mkononi mwake. Nilipomwuliza kwa nini, akasema chumba ni cha walinzi.

Amekonda. Ule ugomvi wetu umekwisha pia. Ninaacha nyuzi sakafuni makusudi, tele, na yeye anazifagia bila neno.

Simu ya Lafey ilikuja Septemba, baada ya alasiri. Ugbad alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza akichambua maharage, mimi nikiwa kwenye mashine. Akaona jina, akainuka, akakaa tena. Aliibonyeza kwenye spika. Walisema Kisomali, lakini Kisomali cha namna ile hata mimi nakifahamu.

"Eeddo Ugbad, salaam aleikum."

"Waaleikum salaam, binti yangu. Uko mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Nimekupigia kukuambia eda yangu imekwisha. Tangu juzi."

Ugbad akanishika goti. "Umejifungua. Na mtoto?"

Tulisikia upepo upande wa pili, na mbuzi.

"Alikuwa wa kiume," Ifrah alisema. "Tangu safari ile hakuwa akicheza vizuri. Hospitali ni mbali. Tulimzika jana asubuhi."

Nilisimamisha mashine ingawa haikuwa ikienda. Ugbad alisema yale yanayosemwa, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, akayasema kwa sauti kavu, akayarudia. Ifrah akaitikia. Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na ningetoa mashine yangu ili iwe nayo.

"Eeddo," alisema, "wale wageni wako walifika?"

Nyuma yetu milango sita ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na ufunguo wa kila mmoja ulikuwa ukining'inia kwenye msumari wake mtupu. Nilimwona Ugbad akiutazama ua kutoka mwanzo hadi mwisho, chumba kwa chumba, kama anavyofanya mtu akiulizwa kuna nafasi.

"Walifika," alisema. "Siku ile ile. Kumi na wawili. Nyumba imejaa, binti yangu, hata mimi nalala stoo."

"Alhamdulillahi," Ifrah alisema, nikamsikia akivuta pumzi. "Nilikuwa nikifikiria sana. Nilikuwa naogopa kwamba kimekaa bure."

"Hakikukaa bure."

Wakaagana. Ugbad aliweka simu kwenye maharage. Kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Mama Salat," alisema, "nikatie kitambaa. Ile mrefu, ya misumari saba."

Nilikata kipande cha nguo nyeupe iliyokuwa mezani, nikampa. Akaingia chumba cha langoni, ambacho tangu mwezi wa tano alikiingia kuchukua funguo tu, nami nikamsikia akikizungusha kwenye ubao, msumari baada ya msumari, huku funguo zikigongana.